Kalamu ya kukopesha: maisha na maandishi ya Katherine Anne Porter



Kati ya kazi za katekista iko moja isiyoandikwa katika kitabu chochote cha mafundisho, nayo ni kuwaandikia watu barua. Mama mzee anakuja jioni, anakaa barazani, anasema: "Mwalimu, uniandikie mwanangu aliye mbali." Ananipa maneno matatu tu: mvua imebomoa jiko, mguu unauma, na mwana asimsahau. Mimi ninajaza ukurasa mzima, na chini ninaweka jina lake. Mwana akisoma barua ile analia. Lakini anamlilia mama yake, hanililii mimi. Na ndivyo inavyofaa.

Siku nyingine mkubwa mmoja wa biro, ambaye sitamtaja, aliniomba nimtungie hotuba ya sikukuu. Niliitunga kwa usiku tatu. Akaisoma, watu wakapiga makofi sana. Kesho yake nilimsikia akisema kwamba watu waliopita seminari hawajui kitu ila kilatini. Nilirudi nyumbani na uchungu moyoni, nikajiuliza: Maneno yale yalikuwa ya nani? Yake au yangu? Na mtu anayeandika kwa jina la mwenzake, je, anavunja amri ya nane?

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye vitabu vya Katherine Anne Porter, mwanamke wa Marekani, ambaye alianza kwa kuandika hadithi ya maisha ya mtu mwingine, akaendelea na hadithi fupi zilizo bora kati ya zote za nchi yake, akaishia na kitabu kimoja kikubwa sana. Leo nataka tupime pamoja kazi yake, tuone ni nini alichojifunza katika utumishi ule wa siri, na ni wapi alipokisahau.

I. Kazi isiyo na jina

Waingereza humwita mwandishi wa namna hii mzimu, maana yupo naye haonekani. Wafaransa kwa miaka mingi walimwita «nègre», yaani mtu mweusi, mtumwa. Kwa sababu alifanya kazi na bwana wake akavuna. Mimi niliposoma neno lile mara ya kwanza katika kamusi, niliifunga kamusi. Siku hizi wengi wamelikataa, na tangu mwaka 2017 wakubwa wa lugha huko Ufaransa wanashauri kusema «prête-plume», yaani mkopesha kalamu. Neno hili ni la haki zaidi, nami nitalitumia. Tena lina maana ndani yake: kilichokopeshwa hakijauzwa, na mwenyewe anaweza kukidai.

Tusidhani kwamba kazi hii ni ya juzi. Nabii Yeremia alisema, na Baruku akaandika kwa wino. Mtume Paulo alipowaletea Waroma barua yake kubwa, mkono ulioiandika ulikuwa wa Tersio. Naye karibu na mwisho anaingiza salamu zake mwenyewe, mstari mmoja tu, halafu ananyamaza. Nampenda sana Tersio huyo. Hakuiba barua, wala hakujificha.

II. Msichana wa Texas

Katherine Anne Porter alizaliwa tarehe 15 Mei 1890, katika kijiji cha Indian Creek, jimbo la Texas. Jina alilopewa kwanza ni Callie Russell. Alikuwa hajatimiza miaka miwili mama yake alipokufa. Akalelewa na bibi yake, mama wa kiume, mwenye nguvu na mwenye amri, ambaye jina lake lilikuwa Catharine Ann. Bibi alikufa katika 1901, na baadaye msichana akajitwalia jina la bibi huyo. Kwetu jambo hilo si geni: mjukuu hubeba jina la bibi ili mti usikauke.

Aliolewa akiwa na miaka 16. Mume alikuwa Mkatoliki, na kwa njia hiyo Katherine Anne akaingia Kanisani katika 1910. Lakini nyumba ile ilikuwa nyumba ya fimbo. Akaiacha, na katika 1915 sheria ya serikali ikawatenganisha. Baadaye alifunga ndoa nyingine kadhaa, na hakuna hata moja iliyodumu. Sitawaficha wasomaji habari hizo, wala sitazipigia ngoma. Kazi yangu hapa ni kupima vitabu; roho ya marehemu iko mikononi mwa mwingine.

Akaugua kifua, akalala hospitalini muda mrefu. Alipopona akaanza kazi ya magazeti: kwanza Fort Worth katika 1917, halafu Denver, katika gazeti la Rocky Mountain News. Huko Denver, katika 1918, mafua makali yaliyoua mamilioni ya watu duniani yakamkamata. Nywele zake zilianguka zote, zikaota tena nyeupe, naye bado hajafika miaka 30. Tangu siku zile alijihesabu kama mtu aliyevuka mto akarudi.

III. Ndoa ya mwingine

Katika 1919 alikwenda New York bila mali. Akaandika chochote kilicholeta mkate: matangazo ya sinema, hadithi za watoto zilizosimuliwa upya. Ndipo alipopewa kazi inayotuhusu leo. Mwanamke wa Michigan, jina lake Mae Watkins, alikuwa ameolewa na Mchina aliyesomea sheria huko Marekani, Tiam Franking, akamfuata hata kwao. Mume alikuwa amekufa. Mama huyo alikuwa na habari zake moyoni, lakini gazeti lililoitwa Asia lilitaka kalamu ya kuzipanga. Porter akazisikiliza, akaziandika kwa nafsi ya kwanza, "mimi", kana kwamba ndiye aliyeolewa, ndiye aliyevuka bahari, ndiye aliyepiga magoti mbele ya mama mkwe. Kitabu kilitoka katika 1921 kwa jina la «My Chinese Marriage», yaani Ndoa yangu ya Kichina. Juu yake ziliwekwa herufi tatu tu: M.T.F.

Tazameni vema: wanawake wawili walifichwa katika kitabu kimoja. Mmoja alifichwa nyuma ya herufi, mwingine nyuma ya kimya. Ilipita miaka 70 hata kitabu kikachapwa tena, katika 1991, na majina ya wote wawili yakionekana.

Je, kilikuwa uongo? Nadhani hapana, na sababu ni ile ile ya barua ya mama mzee. Mae Franking aliyabeba maisha yale mwenyewe. Machozi yalikuwa yake. Mwandishi alimpa mpangilio tu. Lakini ile hotuba yangu ya sikukuu ilikuwa kitu kingine: aliyeisoma hakubeba chochote kilichomo, na mimi niliyeiandika sikuamini nusu yake. Ilikuwa nguo isiyo na mwili. Hapo ndipo amri ya nane inapoguswa. Tukumbuke Isaka kipofu, aliyepapasa mikono ya mwanawe akadanganyika, ingawa sauti aliitambua.

Porter mwenyewe hakujivunia kitabu kile, wala hakukiingiza katika mkusanyo wa hadithi zake. Hata hivyo mimi naona alijifunza humo jambo moja kubwa: kuinyamazisha nafsi yake ili mwingine aseme. Wengi waandikao hadithi hawakupata shule hiyo. Kila mtu katika hadithi zao, awe mzee awe mtoto, anasema kwa sauti ile ile ya mwandishi.

IV. Hadithi fupi

Mwisho wa 1920 alishuka Meksiko, nchi iliyokuwa ikitoka katika mapinduzi. Huko alitazama wafinyanzi na wafumaji, akaandika kijitabu juu ya sanaa zao katika 1922. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, hadithi yake ya kwanza iliyo hadithi kweli ikachapwa kwa jina lake: «María Concepción».

María Concepción ni mwanamke wa kijiji, aliyelipa fedha ili afunge ndoa kanisani sawasawa, naye anajivunia jambo hilo mbele ya majirani. Mume wake anamwacha, anakwenda vitani na msichana mfuga nyuki. Mtoto wa María Concepción anakufa. Wale wawili wanaporudi, anamwua msichana yule kwa kisu. Askari wanakuja kuuliza, na kijiji kizima, hata wale waliokuwa wakimsengenya, wanasimama upande wake, wanamfunika kwa maneno yao. Usiku anarudi nyumbani akimbeba mtoto wa marehemu. Mwandishi hasemi kama ni vema wala vibaya. Sisi tutasema ni dhambi kubwa, na ni kweli. Lakini tazameni lile analolichunguza: watu wengi wanasema badala ya mmoja, kwa uongo, nao wanaona wanafanya haki. Swali la mkopesha kalamu limeingia tayari ndani ya hadithi!

Katika 1930 kikatoka kitabu chake cha kwanza, «Flowering Judas», nakala 600 tu. Laura, mwanamke wa hadithi iliyokipa kitabu jina, alizaliwa Mkatoliki, na sasa anawatumikia wanamapinduzi. Anachukua ujumbe, anapeleka vyakula na dawa gerezani. Kila siku anabeba maneno ya wengine, na yeye mwenyewe hana neno lake hata moja. Mara kwa mara anaingia kanisani kwa siri, anapiga magoti na rozari, na sala haiji. Mfungwa mmoja anameza dawa alizomletea, zote kwa pamoja, anakufa. Sijasoma mahali pengine picha kali kuliko hiyo ya mtu aliyekopesha kila kitu mpaka akabaki mtupu.

Lakini iliyo bora kati ya zile fupi, kwangu mimi, ni ile ya bibi Weatherall, na ningependa kila katekista anayekaa na wagonjwa aisome. Bibi ana miaka karibu 80, amelala kitandani, anakufa, naye hakubali kwamba anakufa. Anamfukuza daktari. Anakumbuka jinsi alivyozungushia ua shamba kubwa kwa mikono yake, alivyolea watoto baada ya mume kufa. Na chini ya yote liko jambo moja alilolifunika miaka 60: siku ya harusi yake ya kwanza, keki iko tayari, padri yuko tayari, bwana arusi hakuja. Sasa padri amefika tena nyumbani, na Mpako Mtakatifu. Rozari inaponyoka mkononi. Bibi anaomba ishara, na ishara haionekani. Kwake ni bwana arusi asiyekuja mara ya pili. Anaizima taa yake mwenyewe.

Padri mmoja niliyemsimulia hadithi hii alisema: "Hiyo si hadithi ya kikristu, ni ya kukata tamaa." Kwa heshima yote, sikubaliani naye. Anayeijua Injili ataona mara moja wale wanawali kumi na taa zao. Bibi alikuwa na mafuta maisha yake yote. Lililomshinda ni kusamehe. Mwandishi hatuambii Bwana arusi hayupo. Anatuambia tu jinsi giza lilivyo kwa mtu aliyefunga jeraha bila kuliosha. Nimekaa kando ya vitanda kadhaa, nami nashuhudia kwamba ni kweli. Tena hakuna mahali mwandishi anapoingilia kati kujionyesha. Amemkopesha bibi kalamu mpaka pumzi ya mwisho.

V. Mtu aliyetafuta shahidi

Katika 1939 alitoa hadithi ndefu tatu katika kitabu kimoja, «Pale Horse, Pale Rider». Yeye alipenda ziitwe riwaya fupi. Ile yenye jina la kitabu, ambalo asili yake ni farasi wa kijivujivu wa Ufunuo, ni ya mafua ya 1918: Miranda, mwandishi wa gazeti, anapona, na Adam, askari kijana anayempenda, anakufa. Dunia imewahi kuisoma tena kwa makini tangu ugonjwa wa 2020, wala sishangai.

Lakini mimi nakaa zaidi kwenye ile iitwayo «Noon Wine». Bwana Thompson ni mkulima wa Texas, mvivu kidogo, mwenye majivuno kidogo, kama wengi wetu. Anakuja mgeni kutoka mbali, asiyesema neno, mpiga kinanda cha mdomo, anafanya kazi miaka tisa, na shamba linasitawi. Siku moja inakuja sura nyingine, mtu anayewinda watoro kwa kulipwa, anayetaka kumkamata mfanyakazi huyo. Katika fujo Thompson anamwua mwindaji kwa shoka. Baraza linamwachilia. Ndipo mateso yanapoanza: anafunga gari, anazunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani kwamba hana hatia, na kila mara anamkokota mkewe athibitishe. Mke hakuona kitu! Anasema ndiyo, nilikuwapo, niliona. Na kila nyumba uongo huo unamla moyo. Majirani hawaamini. Mwishoni Thompson anaandika maneno machache kwa mkono wake mwenyewe, kwa kipande cha penseli, halafu anajiua.

Hapa, ndugu zangu, ndipo nilipopata jibu la swali langu. Mtu aweza kumkopesha mwenzake maneno. Hawezi kumkopesha ushahidi. Mke wa Thompson aliombwa aseme "niliona" kwa macho ambayo hayakuona. Mimi katika hotuba yangu niliandika "ninaamini" kwa moyo usioamini, ili mwingine aseme. Je, tofauti ni kubwa?

VI. Meli kubwa

Katika Agosti 1931 Porter alipanda meli huko Veracruz kwenda Ujerumani. Aliyoyaona humo yakawa kitabu baada ya miaka zaidi ya 30: «Ship of Fools», yaani Meli ya Wapumbavu, kilichotoka katika 1962, naye ana miaka karibu 72. Jina alilitwaa katika kitabu cha Mjerumani Sebastian Brant cha mwaka 1494. Kiliuzwa sana, kikamtoa katika umaskini, kikafanywa sinema katika 1965.

Mambo makubwa yamo. Meza ya kapiteni inamfukuza Mjerumani mmoja kwa sababu mkewe ni Myahudi, anahamishiwa meza ya Myahudi pekee aliye melini. Ni 1931, Hitler atashika serikali katika 1933. Hakuna mtu kwenye meza ile anayejiona mwovu; wanakula tu, na wanakubali. Chini, katika tumbo la meli, wako wafanyakazi wa Hispania 876, waliorudishwa kwao kama mizigo. Mmoja wao, mchonga vinyago vya mti, anajitupa baharini kumwokoa mbwa aliyetupwa na watoto wabaya. Mbwa anapona, mtu anakufa, na wenye mbwa hawaelewi kwa nini alijisumbua. Kurasa hizo ni za mwandishi mkuu.

Hata hivyo lazima niseme wazi: kitabu hiki kizima hakifiki cheo cha bibi Weatherall. Wako wengine waliokilaumu tangu mwanzo, nami sirudii tu lawama yao. Nataka kuonyesha sababu yake. Katika hadithi fupi Porter alikaa chini barazani pamoja na mtu mmoja, akamsikiliza. Katika meli amepanda juu ya mlingoti, anawatazama wote kwa darubini, anawahesabu makosa. Kila mmoja ana upumbavu wake, kila mmoja anaandikiwa hukumu yake, na kurasa zinaendelea. Hakopeshi tena kalamu, ameigeuza fimbo. Hata mchonga vinyago, aliye mwema, hatuingizwi moyoni mwake. Ukweli bila huruma unachosha kama Misa ya hotuba tupu.

Na liko jambo la pili la kusikitisha. Yeye aliyesema kwa uaminifu kwa niaba ya Mae Franking hakuwa mwaminifu juu ya maisha yake mwenyewe. Alisema amezaliwa katika 1894. Alijisimulia ukoo wa kitajiri na masomo kwa masista, ambayo wachunguzi hawakuyakuta. Umaskini wa Texas ulimwonea haya. Kumbe mzimu wa mwisho aliomwandikia alikuwa yeye mwenyewe.

VII. Tuseme nini?

Mkusanyo wa hadithi zake ulitoka katika 1965, na katika 1966 ukapewa zawadi mbili kubwa za nchi yake, ile ya Pulitzer na ile ya kitabu cha taifa. Hadithi zote hazifiki 30. Ni kazi ya maisha ya miaka 90, maana alikufa tarehe 18 Septemba 1980, akazikwa Indian Creek karibu na mama yake asiyemkumbuka. Wako waandishi wanaotoa vitabu 30 wasiache hata ukurasa mmoja wa kukumbukwa.

Vijana wengi wa parokia wananiambia: "Mwalimu, nataka kuandika, lakini kazi niipatayo ni kuandikia wengine tu: ripoti, risala, barua za posa." Nawajibu: Msiidharau. Sikilizeni, mwandike kwa haki, mdai mshahara wenu. Mkatae tu kuandika "niliona" kwa asiyeona na "ninaamini" kwa asiyeamini. Tena kila mwaka mwandike ukurasa mmoja kwa jina lenu, hata kama msomaji ni mmoja.

Nami jana jioni mama mzee alikuja tena. Jiko limejengwa, mguu bado unauma. Nilimwandikia barua, nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akasema: "Neno hili silo langu, mwalimu. Ulitoe." Lilikuwa neno zuri kuliko yote ya ukurasa ule. Nikalifuta. Halafu chini kabisa, kwa ruhusa yake, niliongeza mstari mmoja mdogo: mimi niliyeandika barua hii nakusalimu katika Bwana.